Chapa Juu ya Jiwe la Musabbah

Musabbah na mtu wake Bakhit walikichimba kile kisima mwaka ambao mbuzi walikuwa wakifa wamesimama. Ghubaisha, binti wa Musabbah, alikuwa na miaka minane. Kazi yake ilikuwa kuvuta kapu la mchanga kutoka shimoni, na kila alipolimwaga, upepo ulimrudishia nusu yake machoni. Walichimba siku arubaini na tatu. Siku iliyofuata Bakhit alipiga kelele huko chini, na kapu lilipopanda lilikuwa zito na jeusi. Mama yake Ghubaisha, Kaltham, akatumbukiza vidole katika ule mchanga uliolowa, akavilamba.

"Si ya chumvi," akasema.

Hakuna aliyeshangilia. Walikaa chini tu, kama watu waliofunguliwa minyororo.

Bakhit alizaliwa mtumwa katika nyumba ya baba yake Musabbah. Jioni ile ile Musabbah alimwambia kwamba tangu maji yalipotoka, yeye ni mtu huru.

"Huru niende wapi?" Bakhit akauliza. "Maji si yapo hapa?"

Akabaki.

Walivuta jiwe bapa kutoka vilimani kwa ngamia wawili, wakaliweka mdomoni mwa kisima, na Musabbah akachonga juu yake chapa yake, duara lenye mkia, ile ile aliyokuwa akiwachoma nayo ngamia wake shingoni. Katika nchi ile kisima hujulikana kama ngamia anavyojulikana. Mpita njia hutazama chapa, akajua amwombe nani maji. Kando ya jiwe la chapa waliweka jiwe jingine, dogo, la kupitishia kamba. Hilo lilikuwa la Ghubaisha. Asubuhi na alasiri alivuta ndoo ya ngozi, na kamba ikawa inalila jiwe kidogo kidogo. Alipovunja ungo, mfereji wa kamba ulikuwa umeingia kiasi cha kuficha ukucha. Alipofika miaka kumi na tisa ulificha kidole gumba mpaka kiungo cha kwanza.

Mwaka huo wa kumi na tisa Musabbah alikufa kwa homa, wakati wa kuvuna tende. Mwezi haukwisha, ukavuma upepo wa siku saba, na upepo ulipokoma kisima hakikuwepo. Kuta zilikuwa zimeporomoka, na jiwe la chapa limeingia humo humo. Palibaki bonde dogo la mchanga na jiwe la kamba limekaa peke yake ukingoni.

Hapo ndipo alipotokea Huwaidin.

Alikuwa mtu wa milimani, wa kabila jingine, mwenye ngamia wawili na mabega mapana, na alijua kujengea kisima kuta za mawe na magogo ya mtende. Aliomba maji, akaambiwa hakuna. Akavua shuka, akashuka. Siku kumi na moja alikuwa shimoni, na Bakhit juu yake akipokea mchanga, na Ghubaisha akimteremshia tende na maziwa kwa kamba. Siku ya tano akapiga ukelele kutoka chini:

"Enyi wa juu! Maziwa haya yamegandishwa na nani?"

"Na mimi," Ghubaisha akajibu. "Yana nini?"

"Yamenitia uvivu. Nataka kulala huku huku nisitoke."

"Lala basi. Tutakufukia, tuokoe maziwa."

Kaltham alicheka hemani mpaka akakohoa. Siku ya kumi na moja maji yalirudi. Siku ya ishirini Huwaidin alimwoa Ghubaisha, na kwa kuwa nyumba haikuwa na mwanamume, akahamia yeye badala ya kumchukua.

Walipolitoa jiwe la chapa kutoka shimoni, uso wake ulikuwa umemeguka na duara la Musabbah limebaki nusu. Wakaligeuza, uso mzima ukaja juu. Huwaidin akashika patasi, akamtazama mkewe.

"Nichonge ya baba yako au yangu?"

Ghubaisha alikuwa bibi harusi wa wiki mbili. Hina ilikuwa bado nyekundu viganjani. Bakhit alikuwa amepiga magoti, amelishika jiwe lisitikisike, na yeye ndiye aliyejibu kwanza.

"Binti Musabbah, mwambie achonge ya baba yako."

"Ami Bakhit, baba amekufa. Huyu yuko hai." Kisha akamgeukia mumewe. "Chonga yako."

Na hakuishia hapo. Aliinua kiriba akamwagia patasi maji, taratibu, ili vumbi lisimwingie mume wake machoni. Mistari miwili iliyoegemeana, ndiyo ilikuwa chapa ya Huwaidin. Ilipendeza. Wote walisema inapendeza.

Mwanamke akipendwa hana akili, na hili hakuna anayemwonya nalo kabla. Walikaa miaka kumi na mmoja. Ghubaisha alizaa mara tatu na kuzika mara tatu, makaburi matatu mafupi chini ya mighafu, ile miti ya miiba ya jangwani. Mwaka wa kumi na moja Huwaidin alikwenda kwao milimani kwa arusi ya ndugu yake, akarudi na habari kwamba ameposa msichana, Afra, wa miaka kumi na sita.

"Kaa naye au nenda zako," akamwambia Ghubaisha. "Sikulazimishi."

"Niende zangu wapi? Hapa ni kwa baba yangu. Nenda wewe."

Akenda. Alimwacha kwa maneno matatu, mchana, mbele ya Kaltham na Bakhit, kisha akapanda ngamia. Alipokuwa juu akasema, kama mtu anayerudisha chombo alichoazima, "Kisima ni chako. Mimi huko kwetu nina maji yanayotiririka, sina haja na shimo la mchanga."

Ghubaisha hakulia. Aliingia ndani akatoka na ndoo, akaenda kuvuta maji, kwa sababu mbuzi walikuwa na kiu.

Ikapita miaka kumi na tano. Yeye na Bakhit ndio waliokizoa mchanga kila baada ya upepo, ndio waliobadilisha magogo yaliyooza. Chapa ya Huwaidin ilibaki juu ya jiwe. Mara moja Bakhit alisema waitoe.

"Ya nini?" Ghubaisha akasema. "Nani hajui kisima ni cha nani?"

Ilikuwa kweli. Wapita njia wote walimwomba maji yeye, na mbuzi wao walikunywa zamu waliyopangiwa na yeye. Mwanamke aliyeachwa, asiye na mtoto wala kaka, lakini hapakuwa na mtu wa kumdharau kwa sababu alikuwa na maji matamu mahali ambapo visima vingine vyote ni vya magadi.

Kisha yakaja magari ya kampuni ya mafuta. Yalikwenda huku na huku yakichoma mchanga kwa vyuma virefu, na baada yao wale watawala wawili, wa Pwani na wa Milimani, waliokuwa watoto wa madada na waliokuwa wakipelekeana ngamia wa mbio kila Idi, wakaanza kupelekeana barua. Baada ya barua, watu wenye bunduki. Hakuna aliyekuwa amejali mchanga ule ni wa nani tangu dunia iumbwe. Sasa kila mmoja alikumbuka babu aliyezikwa humo.

Waingereza, ambao walikuwa na mkataba na wote wawili na kampuni ilikuwa yao, wakasema wataleta mtu wa kusikiliza. Akaja mtu mmoja mrefu, mwekundu shingoni, mwenye miwani mbili, ya kuonea karibu na ya kuonea mbali, akazibadilisha kila alipotazama karatasi na kila alipotazama upeo. Watu wakamwita Baba Miwani. Aliandamana na mkalimani kutoka Bahreini, na mjumbe mmoja wa kila mtawala. Walipita kisima hadi kisima, na ilipofika zamu ya kisima cha Musabbah walipiga hema lao chini ya mighafu, hatua chache kutoka kwenye makaburi.

Ghubaisha aliwapelekea kahawa na tende, kama inavyopasa. Bakhit ndiye aliyemimina. Baba Miwani akanywa kikombe, akamrudishia Bakhit bila kukitikisa, Bakhit akamjazia. Akanywa, akarudisha, akajaziwa. Kwa watu wale mgeni asipotikisa kikombe hajatosheka, na mwenyeji hawezi kuacha kumimina. Kilipofika kikombe cha tisa jasho lilikuwa likimtiririka Mzungu wa watu, na anaendelea kwa sababu alidhani kukataa ni utovu wa adabu.

Ghubaisha alikuwa akichungulia kutoka nyumba yao ya makuti. Akamsimulia mama yake, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha fumba kwa mtoto wa jicho.

"Mama, anakunywa cha tisa."

"Hajui kutikisa kikombe," Kaltham akasema, "halafu atajua kugawa nchi?"

Jioni ile mkalimani akawasomea watu masharti. Watawala wenyewe walikuwa wamekubaliana jinsi ya kuhukumu visima, kwa desturi za watu wenyewe ili asinung'unike mtu. Maswali yalikuwa manne tu. Nani alichimba? Kama kiliporomoka, nani alikifufua? Chapa iliyo juu ya jiwe ni ya nani? Na je, ilichongwa kwa ridhaa au kwa kunyang'anya? Majibu yakipingana, chapa iliyochongwa kwa ridhaa ndiyo itakayoshinda, na kisima kitakuwa cha mtawala wa mwenye chapa hiyo. Mashahidi ni wanaume watakaokula kiapo.

Huwaidin alikuwa ameshafika. Alikuja na mjumbe wa Milimani, ndevu zimeingia mvi na tumbo limemtangulia. Hakumtazama Ghubaisha, naye hakumtazama, lakini alijua wapi alipoketi, kama mtu anavyojua palipo na moto.

Asubuhi, kabla ya baraza, Ghubaisha alimfuata Bakhit zizini. Bakhit alikuwa mzee sasa, mgongo umepinda kwa ile miaka ya shimo. Alikuwa akimkagua mbuzi kwato.

"Ami, leo wewe ndiye mdomo wangu."

"Najua, binti Musabbah."

"Watakuuliza alichonga kwa ridhaa au alinyang'anya."

Bakhit akapindua kwato nyingine.

"Sema alinyang'anya. Sema sisi tulikuwa wanawake wawili na mzee mmoja, akachonga tusiweze kumzuia."

"Mimi sikuwa mzee wakati ule."

"Ami!"

"Na Kurani mbele yangu?"

"Na yeye je? Yeye hajala kiapo cha ndoa? Alikitunza?"

"Hicho atakilipia yeye." Bakhit akamwachia mbuzi. "Binti, mimi na mguu mmoja kaburini, unataka niende huko na uongo mkononi?"

"Nataka mama anywe maji ya mume wake mpaka afe. Nataka nisisimame nikamwomba yule ruhusa ya kuchota kwenye shimo nililovuta mchanga wake kwa mikono yangu. Hilo tu. Sitaki kingine duniani, kila kingine nimeshanyimwa."

Bakhit akafunga mlango wa zizi. Kisha akasema, "Nitasema kwamba alikurudishia. Nililisikia lile neno kwa masikio yangu." Na Ghubaisha, kwa kuwa alitaka, aliamini kwamba hiyo ilikuwa nusu ya kukubali.

Wanaume waliketi duara. Ghubaisha aliketi nyuma ya pazia la hema, barakoa usoni, karibu kiasi cha kusikia pumzi za watu. Bakhit akala kiapo.

"Nani alichimba?" mkalimani akauliza.

"Musabbah juu, na mimi chini. Tukipimana nani aliona mchanga mwingi, mimi."

Wanaume wakacheka. Mkalimani akatafsiri, Baba Miwani naye akacheka, akiwa amechelewa.

"Kiliporomoka?"

"Kiliporomoka."

"Nani alikifufua?"

"Huwaidin. Alifanya kazi nzuri. Sitamnyima hilo."

"Chapa ni ya nani?"

"Ya Huwaidin."

"Ilichongwa kwa ridhaa, au alinyang'anya?"

Nyuma ya pazia Ghubaisha aliukamata mkono wake mwenyewe. Aliona kwenye ufa wa kitambaa jinsi Bakhit alivyoyatazama makaburi matatu, halafu kisima, halafu mikono yake mwenyewe.

"Kwa ridhaa," akasema. "Binti Musabbah alimpa. Yeye mwenyewe alimwagia patasi maji. Mimi nilishika jiwe."

Mjumbe wa Milimani akavuta pumzi kama aliyeshiba. Lakini Bakhit akainua mkono.

"Sijamaliza. Siku aliyomwacha, huyu bwana alisema kisima ni cha mwanamke. Alisema yeye hana haja na shimo la mchanga. Muulizeni, yupo."

Wakamgeukia Huwaidin. Huwaidin alikuna ndevu, wala hakuona haya.

"Nilisema," akajibu. "Mke aliyeachwa huambiwa mengi, ili asilie."

Kicheko kikapita kwenye duara, kile kicheko cha wanaume waliowahi kusema vivyo hivyo. Mjumbe wa Milimani akasema kwamba habari za talaka hazimo katika maswali manne. Mjumbe wa Pwani, ambaye ndiye alikuwa upande wa Ghubaisha na ndiye aliyechukua zaka yake kila mwaka, alikuwa akichokonoa meno. Akasema ni kweli, hazimo.

Ndipo Ghubaisha alipotoka nyuma ya pazia.

"Mama, rudi," mjumbe wa Pwani akasema. "Hapa ni baraza la wanaume."

"Sizungumzi na wewe." Akaenda moja kwa moja mpaka kisimani, akasimama kwenye jiwe la kamba. "Mwambieni Mzungu aje aone hili. Hili halina kiapo."

Baba Miwani akaja. Hilo Ghubaisha hakumkatalia mpaka mwisho wa maisha yake, kwamba alikuja. Akapiga magoti, akabadilisha miwani, akaingiza kidole kwenye mfereji wa kamba. Kidole kilizama chote. Akakipitisha huku na huku, ukuta wake laini kama ndani ya kikombe. Akasema jambo kwa lugha yake, kwa sauti ya chini.

"Bwana anasema hii ni kazi ya miaka mingi," mkalimani akasema.

"Mwambie ni thelathini na saba. Mwambie ni mkono huu mmoja. Yule aliyechonga mistari yake alifanya kazi ya asubuhi moja."

Mkalimani akatafsiri. Baba Miwani akatoa kijiti cha kupimia, akapima, akaandika.

"Anaandika nini?" Ghubaisha akauliza.

"Anaandika kina chake."

"Na nini kingine?"

Mkalimani akachungulia daftari. Alikuwa mtu mpole, akaona aibu. "Kina chake tu, mama."

Walipokunja hema na kuondoka, Bakhit alikuwa amekaa kivulini, hana hata nguvu ya kuwasha moto. Ghubaisha akamjia. Alikuwa na maneno mengi ya kuchagua, akachagua lile ambalo baba yake alikuwa amelifuta miaka ile.

"Ulizaliwa mtumwa," akamwambia. "Utakufa mtumwa. Umeshindwa hata kumwibia adui yako kwa ajili ya watu waliokulisha."

Bakhit akainuka. Alikunja mkeka wake, akachukua birika lake la kahawa, dogo, lililopasuka kishikio, akamuaga Kaltham kwa mbali: "Bibi, nakwenda Pwani."

"Pwani kuna nini?" Kaltham akapaza sauti kutoka ndani, hajui lililotokea. "Bakhit! Wewe na umri huo, unakwenda kuoa?"

"Ndiyo, bibi. Nimepata bikira."

Akatembea mpaka kwenye njia ya malori. Ghubaisha alimtazama akizidi kuwa mdogo, mdogo, mpaka akawa kitone, na hakumwita.

Miezi minne baadaye wakaja watu na mapipa yaliyopakwa chokaa, wakayapanga mstari kutoka kaskazini hadi kusini. Mstari ulipita kati ya nyumba ya Ghubaisha na kisima. Nyumba ilibaki Pwani, kisima kikaenda Milimani. Umbali ulikuwa kama mbuzi akilia kisimani, unamsikia nyumbani. Pakajengwa kibanda, akawekwa askari mwenye bunduki, na amri ikasomwa: mwenye kisima ni Huwaidin, wa upande wa Pwani watachota kwa ruhusa yake.

Ghubaisha hakuomba. Alikwenda na punda hadi kisima cha magadi, nusu siku kwenda na nusu siku kurudi. Mbuzi wakapungua. Waliokuwa wakimwomba maji sasa walimpita kwa mbali, na salamu zao zikawa fupi.

Kipupwe kilipoingia, mjumbe wa Pwani akaja kukusanya zaka. Ghubaisha akamkaribisha, kwa sababu mgeni ni mgeni. Akamnywesha kahawa ya maji ya magadi. Mjumbe akakunja uso, akakitikisa kikombe mapema.

"Ungenitetea siku ile," Ghubaisha akamwambia, "leo ungekunywa kahawa ya maana."

Mjumbe akacheka, cheko la mtu aliyechoka na safari. "Mama, wewe bado uko na siku ile? Kisima chako kilikwenda kabla hema halijapigwa. Wakubwa walishakubaliana tangu Ramadhani. Visima vitatu vya huku mchangani wapewe Milimani, na sisi tupate ule upande wa kusini ambao kampuni inautaka. Pale palikuwa pa kumridhisha Mzungu tu, na kitabu chake kijae."

Ghubaisha akaliweka birika chini.

"Yaani Bakhit angesema alinyang'anya..."

"Bakhit ni yupi?"

"Mzee. Shahidi wangu."

"Aa, yule." Mjumbe akasimama, akakung'uta kanzu. "Angesema lolote, mama. Angeimba akitaka."

Alichukua mbuzi wa zaka akaenda zake. Watawala wale wawili, Idi ile, walipelekeana ngamia wa mbio kama zamani, wakakumbatiana, na watu waliokuwepo walisema walilia kwa furaha.

Ghubaisha akamwagiza dereva wa lori amtafute Bakhit huko Pwani, amwambie arudi. Hakumtumia neno la kuomba msamaha kwa sababu hakujua neno hilo linabebwaje na mtu baki. Dereva alirudi baada ya wiki tatu. Alisema mzee huyo alikuwa akibeba samaki kutoka ufukweni mpaka sokoni, na alianguka njiani na kapu kichwani. Wamemzika wavuvi. Lini? Mwezi uliopita.

"Alisema chochote?"

"Nani atamsikiliza mpagazi, mama?"

Kaltham alidhoofika kiangazi kile. Hakutaka kula, alitaka maji tu. Ghubaisha akamletea kikombe cha maji ya magadi, ameyachuja mara tatu, ameyatia majani ya mnanaa. Kaltham akanywa funda moja, akaligeuza mdomoni, akalitema.

"Haya si ya Musabbah."

"Ni ya Musabbah, mama. Kisima kimechafuka kidogo."

"Usinidanganye, mwanangu. Mimi ndiye niliyeyalamba wa kwanza." Akalala tena na kufumba midomo. Siku mbili hakunywa.

Siku ya tatu asubuhi Ghubaisha alivaa barakoa, akachukua ndoo na kamba, akavuka mapipa. Askari akasimama na bunduki yake, akimtazama tu. Huwaidin alikuwapo siku hiyo, amekuja na familia kuwanywesha ngamia. Afra ameketi kivulini na wanawe wanne. Ghubaisha akasimama mbele yao. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, machache, ya baridi, ila yalipofika kinywani lilitoka moja tu.

"Naomba."

Huwaidin akashangaa kabisa, na Ghubaisha aliona kwamba hakuwa anajifanya.

"Chota, mama," akasema. "Nani amekukataza? Afra, msogezeeni ndoo. Chota wakati wowote, usiulize."

Heri angekataa. Angemfukuza, amtukane, na yeye angekuwa na kitu cha kurudi nacho nyumbani. Alimpa tu, kwa ukarimu, kama mtu anavyompa maskini kilicho chake. Afra alimsogezea ndoo, akamwita "shangazi", akamuuliza mama anaendeleaje.

Ghubaisha akaipitisha kamba kwenye mfereji wake. Ikaingia yenyewe, haikutafuta njia. Akavuta.

Kaltham alikunywa maji ya mumewe siku tisa, akafa. Ghubaisha aliishi miaka kumi na mmoja baada yake, peke yake upande ule wa mapipa, na kila asubuhi alivuka kwenda kuchota kwa ruhusa. Kila mara, hata kama hapakuwa na mtu kibandani, alisimama kwanza akasema naomba. Kisha akavuta. Na kamba iliendelea kulila jiwe.